Nati Moja ya Ethi

Lori la kijiji cha Runazi halikuwa likiwashwa, lilikuwa likisukumwa. Watu walishazoea hivyo kiasi kwamba siku ya kupeleka maharage Biharamulo mjini, mabalozi wa nyumba kumi hawakuuliza nani ana gunia tayari. Waliuliza nani ana mgongo. Wanaume walijipanga nyuma, wanawake ubavuni, Bernardo dereva alikaa usukanini na mguu juu ya klachi, na fundi Malongo alitembea kando yao na spana mkononi, kama mtu aliyekuja harusini na jembe. Injini ikishika, moshi mweusi uliwapaka wote nyuso, na wanawake walimwimbia fundi wimbo waliomtungia wenyewe:

Fundi ana spana, mama ana mgongo,
spana inang'aa, mgongo unauma.

Malongo alicheka pamoja nao, lakini wimbo ule ulimchoma. Alikuwa Msukuma, amehamia huko na mkewe Nshoma na ng'ombe kumi na wawili kutoka upande wa Shinyanga, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kuchambua pamba, akishughulika na mota na betri. Kijiji kilipopewa lile lori kuukuu la dizeli, mwenyekiti, Mzee Pancras, alimsimamisha mbele ya mkutano mzima akasema, "Injini ni ya huyu." Heshima ile hakuisahau. Na sasa ndiyo hiyo ilikuwa ikisukumwa mlimani kila wiki.

Bernardo naye hakumwonea huruma. Alikuwa mzaliwa wa Biharamulo, ukoo wake wa siku nyingi pale, na utani kati yao ulianza siku ileile walipokutana.

"Mtani," alisema akichungulia dirishani, "Wasukuma mmeumbwa kwa kazi hii. Hata jina limewakaa."

"Endesha gari wewe! Mtu anakaa kitini wanawake wanasukuma, halafu na yeye ana maneno."

Pamoja na maneno hayo walikuwa ndugu. Nyumba zao zilitazamana, kama nyumba za kijiji cha ujamaa zilivyopangwa kwa kamba. Wake zao waliazimana chumvi na kinu. Nshoma alipojifungua mtoto wa tatu na mkunga yuko mbali, ni Restituta, mke wa Bernardo, aliyempokea mtoto.

Siku moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na nane, Bernardo alirudi kutoka Nyamahanga na kiganja kimefungwa kitambaa. Alikuwa amejaribu kuwasha kwa ufunguo, stata ikalia tak, tak, na alipoegemeza mkono kwenye waya wa kuzimia injini, ule wa kuvuta, akaukuta wa moto kama chuma cha mhunzi.

"Ule waya haupitishi umeme," alisema Malongo. "Umepataje moto?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni nani hapa?"

Malongo alishinda na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu alilala chali chini ya lori, akaona kile ambacho alipaswa kukiona mwaka mzima uliopita. Injini ilikaa juu ya vipande vya mpira, haikugusa chuma cha chesisi mahali popote. Kilichopaswa kuiunganisha na chesisi ni waya wa ethi, njia ya umeme kurudi betrini, uliosukwa kwa shaba kama ukili, na waya ule ulikuwa umeliwa na kutu hadi zimebaki nyuzi nne. Ethi ya alteneta, mashine inayochaji betri, ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Kebo nene za betri nazo, ukizichana mpira, zilijaa unga wa kijani.

Mzee Pancras, ambaye kwa miezi alikuwa akiandikia wilaya barua za kuomba betri mpya, aliitwa aje aone.

"Betri ni nzima, Ndugu Mwenyekiti," Malongo alisema. "Umeme ni kama mchungaji. Ukimpeleka malishoni ukamzibia njia ya kurudi, atarudi kwa kukatiza shamba la mtu. Huu umekosa njia ukapita kwenye waya wa kuzimia. Ndio uliomuunguza Bernardo."

"Kwa hiyo tumesukuma mwaka mzima kwa sababu ya waya?"

"Kwa sababu ya waya."

"Wanawake wasisikie," alisema mzee, na wanawake walisikia kabla hajafika nyumbani.

Ilimchukua wiki mbili. Duka la vipuri mjini lilikuwa na kaunta na muuzaji, vipuri havikuwemo. Bernardo aliendesha hadi misheni moja upande wa Ngara, akarudi na kipande kirefu cha kebo ya mashine ya kulehemu ambayo haikulehemu tena. Friji ya mafuta ya taa iliyokufa kwenye zahanati ilitoa bomba la shaba. Malongo alilikata vipande, akavigonga bapa kwa nyundo, akavitoboa, akapata vichwa vya kebo. Aliingiza nyuzi ndani, akayeyusha risasi juu yake, akasubiri ipoe bila kuigusa. Kila mahali pa ethi alikwangua rangi na kutu kwa msasa, hadi chuma kikang'aa kama kijiko. Grisi haikuwepo wilaya nzima, kwa hiyo akapaka samli kuzuia kutu isirudi.

"Watoto wanakula ugali mkavu," Nshoma alilalamika mlangoni ili mtaa mzima usikie, "na lori linapakwa samli! Siku hizi nimeolewa uke wenza na gari."

"Na mke mwenzio hapigi kelele," Bernardo alimjibu kutoka ng'ambo, na Restituta akamtupia gunzi la hindi.

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya kucheka hivyo. Kabla Malongo hajafunga kebo ya mwisho, redio ya ofisi ya kijiji ilitangaza kwamba adui amevuka mpaka huko kaskazini na nchi iko vitani. Watu walikusanyika ofisini wakasikiliza wakiwa wamesimama. Vijana kadhaa wa mgambo waliondoka kesho yake. Halafu ikaja habari nyingine, ya chini chini, iliyoletwa na wachuuzi kutoka Bukiriro: maofisa wanapita vijijini kukusanya malori. Lori zima linachukuliwa, na dereva anakwenda nalo. Bovu linaachwa. Kijiji kimoja huko Ngara kilikuwa kimevua magurudumu na kuyaficha kwenye ghala la mtama.

Alasiri moja Bernardo alikuja bandani, mahali lori liliposimama kando ya ghala. Malongo alikuwa amemaliza. Alikuwa anakaza nati ya mwisho, ile ya ethi ya injini, na moyo wake ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

"Linawaka?" Bernardo aliuliza.

"Kesho. Nataka mkutano mzima uwepo. Wale wanawake nawataka mstari wa mbele, waimbe tena ule wimbo wao."

Bernardo hakucheka. Aliinama akaitazama ile nati kama vile hajapata kuona nati maishani.

"Mtani. Ilegeze hiyo."

"Niilegeze nini?"

"Ilegeze tu. Usivunje kitu, usikate kitu. Izungushe mara mbili nyuma. Wakija watalikuta kama lilivyokuwa, watakwenda zao. Wakishapita unaikaza."

"Bernardo, hii ni mali ya kijiji."

"Itabaki kuwa mali ya kijiji. Ndicho ninachokuomba."

"Wakijua watatuita wahujumu."

"Nani atajua? Mwaka mzima hukujua wewe mwenyewe."

Hilo lilikuwa kosa la Bernardo, kama alikuwa na kosa. Alisema kwa utani, lakini neno lile lilimchoma Malongo palepale wimbo wa wanawake ulipokuwa umemchoma.

"Nimekesha na hizi nyaya," alisema. "Nimekwangua kwa kucha. Halafu uniambie nisimame mbele za watu niseme sijui?"

"Nina watoto watatu, Malongo."

Alimwita kwa jina. Malongo alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Pengine hawaji huku," alisema.

Bernardo akapiga boneti kwa kiganja chenye kovu, taratibu, kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni, akaenda zake.

Walikuja kesho yake asubuhi. Ofisa mmoja kijana na askari wawili katika gari dogo, na wakaukuta mkutano umeshakusanyika, wanawake mstari wa mbele kama fundi alivyotaka. Ofisa alisalimia kwa adabu. Shikamoo yake kwa Mzee Pancras ilitoka moyoni, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Aliuliza hali ya lori.

Mzee Pancras alikuwa kiongozi wa chama na hakupata kusema uongo mkutanoni. Siku ile alisema.

"Ndugu ofisa, gari letu ni la kusukuma. Mwaka wa pili huu. Waulize hawa akina mama."

"La kusukuma," akina mama waliitikia. Felisita, aliyekuwa mtunzi wa ule wimbo, alijishika kiuno. "Tumevunjika migongo, baba."

"Fundi wenu anasemaje?"

Mkutano mzima ulimgeukia. Malongo alimwona Bernardo amesimama karibu na gurudumu la nyuma, hatazami mtu, anachora chini kwa ncha ya kiatu. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Hakutakiwa hata kusema uongo. Mzee alikuwa ameshausema, na wanawake wameuitikia. Alitakiwa kunyamaza tu, ainamishe kichwa kama fundi mbovu, na aimbiwe tena.

"Lilikuwa la kusukuma," alisikia sauti yake ikisema. "Sasa linawaka."

Miaka mingi baadaye aliitafuta sababu ya neno lile. Wakati mwingine alijiambia ni nchi: vijana wa watu walikuwa wanakufa kule kaskazini, na risasi na chakula haviwezi kubebwa kichwani. Ilikuwa kweli, na mtu mwingine angeweza kulisema neno lile kwa sababu hiyo. Lakini yeye alijijua. Dakika ile hakuikumbuka nchi. Alikumbuka vichwa vya shaba na chuma kinachong'aa kama kijiko, na alitaka vionekane.

Alipanda mwenyewe. Alizungusha ufunguo, na injini ikashika papo hapo, bila kukohoa, ikanguruma sawasawa. Taa aliziwasha mchana ule, zikawaka nyeupe. Hakuna aliyepiga vigelegele. Felisita aliondoa mikono kiunoni, akamtazama fundi kwa muda, akamfunga mtoto wake vizuri mgongoni.

"Kazi safi sana," ofisa alisema. "Ungeona tunayoyakuta huko. Dereva ni nani?"

Bernardo alipewa saa moja. Alitoka nyumbani na blanketi na kikombe cha bati. Restituta alimsindikiza hadi uani, akabaki pale, mikono kichwani. Malongo alisimama kando ya lori asijue pa kuweka macho.

"Usinune, mtani," Bernardo alisema akipanda. "Ungekuwa fundi mbovu kidogo tu, ungekuwa mtu mzuri sana."

Alicheka kweli, cheko lake lilelile. Kisha lori likateremka barabara ya Biharamulo na hakuna aliyelisukuma.

Barua ilikuja mwezi wa nne mwaka uliofuata. Karani wa kijiji aliisoma mara mbili. Bernardo alikuwa amefia ng'ambo ya mpaka, akiwa kazini. Habari kamili Malongo aliipata baadaye, gulioni, kutoka kwa Mihayo, mgambo wa kijiji cha jirani aliyerudi akichechemea. Mihayo aliisimulia kama mtu anayeleta zawadi.

"Fundi, lile gari lako! Asubuhi za baridi kule, msafara mzima unasukumwa, askari wanatukana, la Bernardo linawaka mara moja. Walikuwa wanamwita Mguse Tu. Siku ile ndivyo ilivyokuwa. Mengine yamegoma, lake limewaka, mkubwa akamwambia, tangulia. Akatangulia. Bomu lilikuwa limefukiwa njiani."

Malongo alimshukuru. Alikwenda nyuma ya mabanda ya nyama, akakaa juu ya gogo hadi gulio likavunjika, na Nshoma alipompata alimwambia anaumwa tumbo.

Jambo lililokishangaza kijiji ni kwamba Restituta hakulia. Aliketi matangani macho makavu, akaingia shambani siku ya nne, akachoma kwa mikono yake godoro la nyasi alilolalia na mumewe. Jina la Bernardo hakulitaja, na watoto walijifunza kutolitaja. Vita vilipokwisha na padre akapanga misa ya kuwaombea marehemu wa vita, alisema yeye haendi. Wakweze walimsihi, akakataa. Mzee Pancras akamwita Malongo.

"Nenda wewe. Mlikuwa nyumba moja. Mwambie watoto watakuja kuuliza mama alikuwa wapi siku baba yao alipoombewa."

Alimkuta uani asubuhi, anachambua maharage kwenye ungo. Alimkaribisha kigoda.

"Karibu shemeji. Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Mnahangaika bure. Sina kinyongo na padre." Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Nina kinyongo na yeye."

"Na marehemu?"

"Wewe hujui, shemeji. Na ndiyo maana sijawahi kukulaumu, hata wakati Felisita alipokuwa anakutukana kisimani. Ulisema linawaka kwa sababu linawaka. Ungejua tulichokuwa tunataka, usingefungua mdomo. Nakujua." Aliutikisa ungo. "Siku moja kabla hawajaja, nilimtuma kwako. Nilimpigia magoti, mimi mke wake, nikamwambia nenda kamwombe mtani wako aliache gari hivyohivyo, siku mbili tatu tu. Akaenda. Akarudi. Nikamuuliza umemwambia? Akasema hapana, nilimkuta ana kazi, nikaona haya."

"Akaona haya!" Restituta alisema. "Mwanamume ana watoto watatu, anaona haya kuomba neno moja kwa rafiki yake. Alituacha kwa sababu ya haya. Nimlilie wa nini? Yeye alishindwa hata kufungua mdomo kwa ajili yangu."

Kuku alikuja kudonoa pembeni ya ungo, naye akamfukuza kwa mguu. Malongo aliona njia mbili zimekaa wazi kabisa. Angeweza kuafiki, aseme wanaume ndivyo tulivyo, msamehe, anywe uji, arudi kwa Mzee Pancras na jibu la hapana, na abaki shemeji katika nyumba hii hadi uzee. Bernardo mwenyewe ndiye aliyempa nafasi hiyo. Alikuwa amerudi kwa mkewe siku ile, akajua kwamba wataishi wanatazamana na fundi miaka yote, akaubeba yeye uzito wa kukataliwa ili nyumba mbili zisigombane. Pengine alidhani ni kwa siku chache tu.

"Alinikuta bandani," Malongo alisema.

"Ndiyo, una kazi."

"Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nakaza nati ya mwisho. Aliniomba, shemeji."

Mikono ya Restituta ilisimama.

"Aliniomba niilegeze. Nikasema ni mali ya kijiji. Akasema itabaki kuwa mali ya kijiji. Nikasema watatuita wahujumu. Akaniomba tena. Hakuona haya. Mimi ndiye niliyekataa."

"Alisemaje?"

"Nimekwambia, alisema..."

"Maneno yake. Usinipe yako. Yeye alisemaje?"

"Alisema, nina watoto watatu, Malongo."

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Aliniita jina langu."

"Sema tena."

Akasema tena. Restituta aliuweka ungo chini polepole, kana kwamba umejaa maji. Uso wake ulianza kubadilika kuanzia midomoni, na Malongo aliinuka kigodani akidhani atampiga, na akawa tayari, na hata akatamani. Hakumpiga.

"Basi nenda," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda nyumbani kwako, Malongo."

Hakusema shemeji. Malongo alilisikia jina lake kama mlango unavyosikika ukifungwa na mtu asiye na hasira, mtu anayefunga tu kwa sababu ndani kuna shughuli.

Alikuwa hajafika barabarani kilio kilipoanza. Kilitoka chini sana, kikapanda, kikavuka nyumba zote zilizopangwa kwa kamba. Nshoma alitoka mbio na unga mikononi. Felisita alitoka, na majirani wa juu, na Mzee Pancras na fimbo yake, wote wakikimbilia ua wa Restituta kama watu wanavyokimbilia msiba mpya. Walimkuta fundi katikati ya njia.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Bernardo," alisema, akasogea pembeni wapite.